Uraia wa Evarist

1.

Saba.

Miaka saba Perusi Nyamvura aliishi na Evarist Kalimunda katika nyumba ya matofali ambayo Perusi aliachiwa na mama yake, hadi mumewe, mgeni kutoka ng'ambo ya mto, akapewa uraia kwa ndoa. Siku ya kiapo Perusi alimpigia shati pasi. Akapiga vigelegele hata askari wa mlangoni akacheka.

2. TANGAZO

Kufuatia mabadiliko ya serikali, wananchi wote watahakikiwa upya. Mwenye shaka kuhusu asili ya jirani, mpangaji au ndugu atoe taarifa kwa Kamati ya Uhakiki. Jina lake litahifadhiwa.

3.

Halikuhifadhiwa.

Karani wa kamati alisoma na Perusi darasa moja. Aligeuza faili juu ya meza, kisha akajifanya anaokota kalamu chini. Perusi akasoma:

*Baba wa mke wangu alizaliwa nchi jirani. Mke wangu si raia. Naomba nyumba ibaki kwa raia halali, yaani mimi.*

Mwandiko wa Evarist.

4. (kwenye foleni, nje)

— Nani kamchongea?
— Mumewe.
— Yule wa kuja?
— Huyohuyo. Anataka kumuoa binti wa kanali.
— Jamani! Na mwenzake alivyom

(Perusi aligeuka.)

5. Mambo ambayo Perusi alimfundisha Evarist

wimbo wa taifa, mpaka ubeti wa tatu
kutaja mikoa bila lafudhi ya kwao
kumjibu askari bila kutetemeka

6.

"Umekula?" Evarist aliuliza, mdomo umejaa.

"Nimesoma."

Alielewa. Hata kijiko hakukiweka chini. "Mke wangu, hizi ni siasa tu. Kata rufaa. Ukishindwa, nitakuwa nakuja kukutembelea."

Kukutembelea.

        Kuku

                tembelea.

7.

Wewe unayesoma, usimwonee huruma bado. Alilia, ndiyo, jikoni, mpaka maji ya ugali yakakauka sufuriani. Kisha akaenda kuazima kitabu cha sheria kwa yule karani, akakipitia kama anayechagua mawe kwenye mchele.

*Kifungu cha 12. Uraia uliopatikana kwa ndoa utafutika iwapo mwenza atabainika hakuwa raia siku ya ndoa.*

Akakisoma tena. Njaa ikamshika, ya kwanza tangu juzi.

8. KUMBUKUMBU ZA KIKAO

MWENYEKITI: Una cheti cha mama yako na mashahidi sita. Rufaa yako ni rahisi kushinda. Unapinga taarifa hii?

PERUSI: Sipingi.

MWENYEKITI: Mama, umenielewa? Ukikubali, unafukuzwa nchini.

PERUSI: Nimekuelewa, mheshimiwa. Mimi si raia. Hata siku ya ndoa sikuwa raia. Naomba iandikwe hivyo. Siku ya ndoa.

(Bw. Kalimunda anasimama.)

KALIMUNDA: Anadanganya! Huyu ni raia! Mama yake kazaliwa hapa hapa, mimi mwenyewe ni shah

MWENYEKITI: Kaa chini. Taarifa ni yako. Sahihi ni yako.

9. AMRI

Nyumba: inachukuliwa na serikali.
Uraia wa E. Kalimunda: umefutwa.
Uraia wake wa awali: aliukana kwa kiapo.
Waondoshwe wote wawili. Basi moja.

(Pale kwenye neno *nyumba* Perusi alifumba macho. Chumba alichofia mama yake. Alikwishajua. Alikubali hata hicho.)

10.

Mpakani, asubuhi, jua kali. Afisa wa upande wa pili alipata jina la baba wa Perusi kwenye rejesta ya zamani.

"Karibu nyumbani, dada. Na huyu? Kama ni mumeo, nitamwandika aingie nawe. Kama si wako, hapiti."

Nyuma yao, geti la nchi waliyotoka lilikuwa limekwisha fungwa.

"Perusi," Evarist alinong'ona. Midomo ilikuwa imemkauka. "Mke wangu. Nakuomba. Mwambie."

Nakuomba. Miaka saba hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Lilikuwa tamu kuliko alivyodhani, na akataka kulisikia tena.

"Ni mumeo, dada?" Afisa aliinua kalamu. "Ndiyo au hapana?"

Perusi akaomba maji ya kunywa.

Akaletewa kikombe kimejaa. Akaketi kwenye benchi, akakishika kwa mikono miwili, akanywa

taratibu,

        taratibu