Miguu Jikoni kwa Hilkka

Jumapili, saa nane kasoro dakika tano mchana, Raili Kemppainen alisuuza kikombe chake cha kahawa, akavuta soksi za sufu mpaka magotini, akaandika amri tatu kwenye kompyuta, akavaa miwani ya uhalisia pepe, kisha akazama sakafuni sentimita thelathini na nne.

Ilikuwa hivyo tangu Agosti. Kampuni iliyotengeneza miwani ile haikutaka kusikia habari za mfumo huria, ule usiomilikiwa na kampuni yoyote, na Raili hakuwa ametumia kitu kingine kwa miaka ishirini na miwili. Mtu mzima na akili zake, alisema, haombi ruhusa ya kuwasha mashine aliyoinunua. Basi programu ya kuiunganisha miwani na kompyuta iliandikwa na watu wa kujitolea, kwa kubahatisha, naye akiwa mmojawao. Walibahatisha wakapatia karibu kila kitu. Namba moja tu iliwashinda, kimo cha sakafu, ambayo mwezi huo wa Agosti kampuni iliificha ndani ya kifaa na kuifungia huko. Miwani ilidhani sakafu iko chini kuliko ilivyo, na Raili akawa anaishia pale miwani ilipodhani.

Zege la jengo lile la Tampere lilikuwa na unene wa sentimita ishirini na nane. Sita zilizobaki zilitokeza jikoni kwa Hilkka Rautio, ghorofa ya chini.

"Raili!" Hilkka aliita kupitia bomba la hewa, huku akimgonga nyayo kwa mwiko. "Unanidondoshea tena!"

"Samahani, jirani. Ni barafu."

"Najua ni barafu, sina macho? Hamia upande wa sinki, nakaanga."

Raili akahamia upande wa sinki.

Hilkka alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, na miguu yenyewe haikumsumbua. Kilichomuudhi ni kutopewa taarifa. Alibandika karatasi kwenye ubao wa ngazini, bila jina, kama walivyozoea pale: mmoja wetu, iliandikwa, anashusha miguu kwa mwenzake pasipo utaratibu. Msimamizi wa jengo akalishughulikia jambo hilo kama alivyoshughulikia mambo yote. Chini ya zamu za sauna na zamu za kufua aliongeza mstari mmoja: Jumapili, saa nane hadi saa tisa mchana, miguu, nyumba D 14 kwa nyumba D 11. Hilkka akaridhika, akaweka beseni.

Upande wa pili wa miwani kulikuwa na ziwa lililoganda. Raili alilitengeneza mwenyewe na kulihifadhi kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza yake. Juu ya barafu, kwenye kigoda, alikaa baba yake, Vilho, mzee wa miaka themanini na sita, akivua kwa kamba fupi kwenye tundu. Mwili wake ulikuwa Posio, kaskazini kabisa, katika kituo cha wazee, kwenye kiti cha magurudumu. Kituo kiliruhusu miwani ya kampuni ile peke yake, na kwa mfumo wa kampuni ile peke yake. Kwa hiyo Vilho alikaa juu ya barafu vizuri kabisa, na binti yake alisimama ndani ya barafu.

"Umepungua," Vilho alisema.

"Ni namba tu, baba. Nitairekebisha."

"Mama yako naye alikuwa mfupi."

Kwa Vilho hayo yalikuwa maneno mengi. Maisha yake yote alizungumza akiwa anavua tu. Nyonga zilipomkatalia kwenda ziwani, alinyamaza, akanyamaza miaka tisa. Kwenye simu alisema ndiyo, hapana, haya. Ukienda kumwona alisema hayo hayo, ila kwa sauti ya chini zaidi. Tangu Aprili, kwenye barafu hii ya kompyuta, alikuwa akimsimulia Raili jinsi alivyokutana na marehemu mama yake, sentensi moja au mbili kila Jumapili, bila kuruka kitu. Mwezi Mei aliazima baiskeli. Juni na Julai zote gurudumu lilikuwa na pancha. Jumapili hii alifika kwenye ukumbi wa dansi.

"Nikafungua mlango," alisema. "Msichana wa kwanza niliyemwona hakuwa mama yako."

Vilho alivuta kamba, akatazama ndoano, akairudisha majini.

"Mengine Jumapili," akasema.

Jumatano kampuni ikatuma sasisho kwenye miwani zote, bila kumuuliza mtu. Jumapili iliyofuata Raili alizama sentimita sabini na moja. Huku chini alitokeza karibu mpaka magoti, na Hilkka akalazimika kuhamisha taa. Kule ziwani barafu ilimfika mapajani, upepo ukapuliza, na Vilho, ambaye hakupenda kupaza sauti, alisema kitu ambacho hakikusikika. Raili alipomwomba arudie, alisema haya. Masasisho mawili zaidi, Raili alipiga hesabu, na masikio yangekuwa chini ya maji.

Aliiandikia kampuni. Barua yake ilikuwa na vipimo, tarehe, na picha ya magoti iliyopigwa na Hilkka. Jibu lilitoka kwa Kikosi cha Furaha ya Mteja. Je, umejaribu kuizima na kuiwasha? Raili akaizima, akaiwasha, akaandika tena. Kikosi kikajibu kwamba mfumo wake hautambuliki, na kwamba wanamtakia siku yenye msisimko. Jamani! Namba moja tu! Wanayo, wameikalia, haiwafai kitu! Raili alikasirika mpaka akatoka uani na kukusanya majani makavu yote, na haikuwa zamu yake.

Kisha akaripoti hitilafu kwenye jukwaa la wanaojitolea, hadharani, kama inavyotakiwa. Jukwaa lile lilikuwa na sheria moja kuu: anayeripoti aambatanishe kumbukumbu za mashine, zote, bila kufuta hata mstari. Raili ndiye aliyeitunga. Kwa miaka tisa alikuwa amewakaripia wageni kwa sheria hiyo, wengine hawakurudi tena. Basi aliambatanisha mistari elfu nne na ushee, bila kufuta hata mmoja.

Baada ya dakika kumi na moja mwenzake Joost, wa Groningen, alimwandikia. "Raili, kuna namba za miwani mbili hapa. Moja yako. Hii ya pili ya nani?"

Raili alikimbilia kufuta. Lakini jukwaa halikuwa na mahali pa kufutia. Hilo nalo alilitaka yeye, kwa ajili ya uwazi.

Kampuni, ambayo haikuwahi kusoma ripoti yao hata moja, iliisoma hii. Jumatatu muuguzi wa Posio alipiga simu kusema miwani ya mzee imekuwa nyeusi. Barua ilieleza kwamba kifaa hicho kilionekana kikiwasiliana na mfumo usiotambulika, hivyo kwa usalama wa mteja kimefungwa, na jina la mteja limefungwa pamoja nacho, maisha. Maisha ya nani, hawakusema.

"Nimemfungia mwenyewe," Raili alimwambia Hilkka ngazini. "Kwa mkono wangu huu."

"Si waliofunga ni wao?"

"Niliwapa namba, Hilkka. Niliwapelekea mezani."

Hilkka alikwenda jikoni kwake, akarudi. Alimpa maandazi mawili ya mdalasini ya kula safarini kwenda Posio.

Raili alipanda treni, kisha basi, kisha basi jingine. Baba yake alikuwa dirishani, amenyolewa, amechanwa nywele. Raili alimpa kamba yake ya zamani ya kuvulia, akaweka beseni la maji mbele ya magurudumu, akatia humo vipande vya barafu alivyoomba jikoni. Vilho alilitazama beseni kwa heshima.

"Hili si ziwa," alisema.

"Baba, ulifungua mlango. Ukamwona msichana ambaye si mama. Halafu?"

Vilho alimtazama. Ilionekana wazi kwamba alikumbuka, na kwamba alitaka.

"Haya," akasema.

Novemba ikapita. Kampuni iliijibu tena ile barua ya vipimo na picha: hatukuweza kuliona tatizo ulilolieleza, suala limefungwa, tafadhali tupe nyota. Msimamizi wa jengo aliandika orodha mpya ya zamu, na kwenye mstari wa Jumapili, baada ya neno miguu, mtu aliongeza kwa penseli: mpaka magoti.

Jumapili, saa nane kamili, Raili alizama. Kigoda kilikuwa pale pale, na kamba, na tundu, ambalo lilikuwa limeanza kuziba. Aliinama akauvunja utando kwa kiwiko, kwa kuwa miguu ilikuwa ndani ya barafu, akaondoa vipande kimoja kimoja ili pawe tayari.

Huku chini Hilkka alimvua soksi zilizolowa, akamkausha vidole kwa taulo ya vyombo, akamvalisha kavu.

"Amekuja?" aliuliza kwenye bomba la hewa.

"Hapana."

Beseni lilikuwa limejaa. Hilkka alilimwaga kwenye sinki, akalirudisha mahali pake.

"Nipande tu," Raili alisema. "Nakuchafulia jiko bure."

"Panda uende wapi? Saa tisa bado," Hilkka akasema. "Zamu ni yako. Kaa."

Raili akakaa.