Hillevi na Kitenzi Chake

"Dole gumba hili la nani?" Dagny aliuliza, akiinua mkate mwembamba wenye alama nyeusi pembeni.

Evert, mfagia dohani, akaficha mikono nyuma. Midomo yake iling'aa siagi.

"Si mimi, dada."

"Basi masizi haya ya askofu?"

Hillevi, mdogo wake Dagny, aliendelea kusukuma mkate bila kuinua macho. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari, siku ambayo mwanamke ana ruhusa ya kumposa mwanamume, nayo hairudi ila baada ya miaka minne. Mara iliyopita alisitasita mpaka jua likazama, na jua la kwao halina subira. Leo alikuwa amemwita Evert aje kufagia dohani aliyoifagia juzi.

"Tanuri ni lako, mhukumu wewe," Dagny akamwambia.

Hillevi akaweka chini mti wa kusukumia.

"Jag friar," akasema kwa Kiswidi chao.

"Haya, umeponea chupuchupu, mwizi wewe!" Dagny akacheka.

"Ahsante, Hillevi," Evert akashusha pumzi. "Umeniachia huru."

Ndivyo alivyosikia, masikini! Akajibwaga juu ya gunia la unga, na kwa vile alipenda kamusi kama wenzake wapendavyo mpira, akaanza.

"Mnajua hiki kitenzi fria kina umri gani? Kimetangulia kanisa, kimetangulia hata chuma. Mzizi wake ni kupenda. Wahindi wa kale walikuwa nao, kipenzi wakamwita priya. Unayempenda ni wa nyumbani, na wa nyumbani si mtumwa. Hapo ndipo tulipopata neno la huru. Kwa hiyo fria ni kumwachia mshtakiwa, na fria hiyohiyo ni kupo..."

Mdomo ukabaki wazi.

"Malizia," Hillevi akasema. "Ni kupo nini?"

"Yesu wangu!" Dagny akajitanda mtandio, akatoka kutafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa tele humo ndani.

"Hillevi... wewe ulitumia ipi?"

"Si umesema mzizi ni mmoja?"

Evert akajifuta mikono kwenye suruali. Ikazidi kuwa myeusi. Mkate ulianza kuungua tanurini na hakuna aliyeugeuza. Kisha mkono wake mmoja ukainuka, ukatua juu ya meza iliyotapakaa unga, ukaanza kujongea taratibu kuelekea upande wa Hillevi, ukiacha njia nyeusi.