Sikio la Upande wa Pili

Mjukuu wangu Ghati akikuaga, hujielekezea kiganja mwenyewe. Huinua mkono na kuupunga vizuri kabisa, lakini kiganja huutazama uso wake, wewe ukabaki na mgongo wa mkono. Kwa miaka miwili nimemwona akijiaga hivyo mlangoni kwangu Buhare, na kwa miaka miwili nimekuwa nikimpindua mkono na kumchapa kikofi. "Hivi! Tazama bibi anavyofanya!" Anatazama. Anarudia vilevile.

Daktari alisema ni usonji. Majirani, ambao hawakusomea lolote isipokuwa mambo ya watu, walisema ni kiburi.

Januari hii nilimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Ana miaka minane. Mwaka jana walimrudisha. Baba yake, mwanangu Gasper, alikwisha kutamka: akirudishwa tena, aende Kiabakari kwa shangazi yake. Namjua huyo shangazi, nilimzaa mwenyewe. Wageni wakibisha hodi hufagia kila kinachomtia aibu, na Ghati angefagiwa hadi chumba cha nyuma, mlango ukafungwa.

Mwalimu Hezron alikuwa nyuma ya meza, suruali yake imepigwa pasi hadi mkunjo ungeweza kukata nyanya. Nikampa cheti cha kuzaliwa. Akakisukuma kando kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mwiba wa sato kwenye sahani.

"Karatasi zinasema mengi, bibi. Mimi naamini sikio."

Ni kipimo cha enzi zetu tulipokuwa hatuna vyeti: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Ukigusa, umekua. Serikali imehangaika na mihuri yake miaka yote hii, kumbe Hezron alikuwa bado anahesabu masikio.

Akasimama mbele ya Ghati, uso kwa uso. "Fanya kama mimi." Akagusa sikio lake.

Ghati akaufuata ule mkono kwa macho, akanyanyua wake, ukaelea pembeni, ukatua shingoni.

"Piga makofi." Hezron akapiga yake, Ghati akapiga kwa migongo ya mikono. Akina mama waliopanga foleni wakacheka, na jirani yangu Justina akacheka kwa sauti ile ya kwaya.

"Mama Gasper, si huyu anamwagaga unga kila akishika ungo? Unamtesea nini mtoto?"

"Wewe, Justina, makofi uliyajua mapema, na mpaka leo unasaini kwa dole gumba."

Nikamgeukia mwalimu. "Kitendawili!"

"Bibi, nina watu hapa."

"Kitendawili!"

Akashusha pumzi. "Haya, tega."

"Cha mwenzako unakiona kutwa, chako mwenyewe, hata ukigeuka, hukioni."

"Sijui. Chukua mji wowote."

"Nimechukua Butiama, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Kisogo." Na nikampungia mkono, kumwonyesha kwamba sina haja naye tena.

Ghati alikuwa amesimama ubavuni mwake. Akautazama mkono wangu, akainua wake, kiganja kikielekea kwake. Nami nikauangalia huu wangu, kwa mara ya kwanza, kutoka pale aliposimama yeye. Alichokiona ni kiganja. Na kiganja ndicho alichojionyesha.

Ile dharau yote niliyokuwa nimemwandalia Hezron ikakosa pa kwenda, ikanirudia. Miaka miwili namchapa mtoto kwa kunakili sawasawa.

"Mwalimu, geuka. Mpe mgongo, kisha ufanye."

"Mimi? Nimpe mtoto mgongo?" Akatazama foleni ili imcheke bibi. "Mwalimu hutazamwa usoni."

"Kwa uzuri gani?"

Nikamwacha na uso wake. Nikaenda kusimama mbele ya Ghati, nikampa mgongo, nikainua mkono wa kulia. Bega likalia kama bawaba ya ghala. Vidole vikafika utosini, vikagoma.

"Hata wewe hujafikia umri wa shule, bibi," Hezron akasema.

Nikaushika ule mkono kiwiko kwa mkono wa kushoto, nikauvuta, nikaguna kama ng'ombe anayepanda mlima, mpaka kidole cha kati kikaligusa sikio. Nyuma yangu nikasikia mguno mwingine, mdogo, wenye urefu uleule.

Sikuweza kumwona. Nilimwona Justina, mdomo wake umesahau kufungwa. Nilimwona Hezron akiangalia juu ya bega langu, kisha akiangalia meza. Akakivuta kile cheti karibu, akapangusa vumbi lisilokuwepo.

"Anaitwa Ghati nani?"

Nilimwacha kidogo, kalamu ikiwa hewani, nami nimelishika sikio langu bila kulegeza. Maana nilijua kwamba nikiushusha mkono huu, na yeye ataushusha.