Mara Mbili Kila Sekunde Kumi

Jumatatu ya kwanza ya Septemba mwaka 2011, jua likizama, Imelda alikuwa anapiga pasi sebuleni kwao Evere, ughaibuni, ghorofa ya nne, na mumewe Felician alikuwa jikoni anamenya ndizi, maana zamu ya kupika ilikuwa yake. Mwanga ukapita ukutani. Ulipita mara mbili, kutoka kwenye kabati la vyombo hadi mlangoni, kisha sebule ikatulia. Imelda akamalizia kola ya shati. Mwanga ukapita tena mara mbili.

"Baba Koku, hebu funga pazia," alisema.

"Limefungwa."

Felician akatoka jikoni na kisu mkononi. Pazia lilikuwa limefungwa kweli. Mwanga ulianzia hewani, shibiri moja chini ya dari, juu ya meza ya kulia, na pale ulipoanzia hapakuwa na kitu chochote. Alihesabu kimoyomoyo. Mwako mara mbili, halafu giza, na mzunguko mzima sekunde kumi. Akarudi jikoni, akakaa. Alikuwa anaujua mwanga huo. Ulikuwa wa mnara wa Santa Dorotea, kisiwa kidogo cha Italia kusini ya Sisilia, na yeye ndiye aliyeuzima.

Aliuzima mwezi wa pili, kwa kidole kimoja, ofisini karibu na stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya kumi na tisa. Ofisi yake ilikuwa imepewa kazi ya kuchunguza minara ya taa ya pwani ya Italia na visiwa vyake, ili ijulikane ipi bado inahitajika na ipi ipumzishwe. Felician hakuwahi kuuona hata mmoja. Aliijua kwa fomu. Kila mnara ulikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na safu tisa, na safu ya saba iliuliza ni vyombo vingapi vyenye namba ya usajili vilitegemea taa hiyo mwaka uliopita.

Kuhusu Santa Dorotea kulikuwa na barua pia. Mtunza taa wa kule, mzee mmoja aitwaye Rosario, alikuwa ameandika kurasa nne kwa mkono. Felician alizisoma kwa kamusi siku mbili nzima. Mzee alisema meli zenye namba hazipiti tena upande ule, ila mwaka uliopita alihesabu mashua arobaini na moja za mbao na za mpira, zimejaa watu, zote zikiifuata taa yake.

Felician akampelekea barua mkuu wake, Chloé. Chloé hakuwa mtu mbaya; alikuwa anamletea kila mtu keki siku ya kuzaliwa.

"Hizo mashua zina namba?" aliuliza.

"Hazina."

"Basi ni sifuri."

Felician akaandika sifuri. Barua akaiweka kwenye faili la Mengineyo, akaenda kula.

Kama angeishia hapo, tungesema ni mambo ya ofisi, na ofisi nyingi duniani zinaishi kwa sifuri. Hakuishia hapo. Jumapili moja ya Aprili, baada ya mazoezi ya kwaya ya Kiswahili kule Koekelberg, Donatien alimshika mkono. Donatien alikuwa mtu wa Lubumbashi, fundi wa lifti, mwenye sauti nzito ya kutikisa viti.

"Papa Felician, weye njo unatumikaka na mambo ya ba-phare, minara ya taa, si ndiyo? Mudogo yangu Doudou iko Libya. Batapita na mashua. Alors, mu giza, batajua namna gani kisiwa iko wapi?"

Sasa, watu wa Bukoba, na Felician ni mmoja wao, wana sifa yao, na utani wake Tanzania nzima inaujua: Mhaya haulizwi kitu mbele za watu akasema hajui. Felician angeweza kusema, "Ngoja niulize." Maneno mawili tu. Lakini kwaya nzima ilikuwa imesimama pale na makoti mikononi, na Maman Yolande wa sauti ya kwanza alikuwa ameacha hata kufunga mkoba wake. Felician akanyoosha tai.

"Santa Dorotea," alisema. "Mwako mara mbili kila sekunde kumi. Unaonekana maili kumi na nane. Mwambie akiuona asiuache."

"Eh! Uyu alisoma," alisema Maman Yolande.

Felician alisikia raha, tena raha hasa. Ile sifuri aliikumbuka, asisingizie kusahau. Ila alijua pia kwamba karatasi za ofisi yao huchukua miaka miwili au mitatu kuzaa kitu, na Doudou angekuwa amekwisha kupita zamani. Hii moja ilichukua miezi minne. Tarehe 30 Juni alipata barua pepe ya shukrani: mnara wa Santa Dorotea umezimwa, mzee Rosario amekwenda kwa binti yake Turin.

Namba ya Donatien ilikuwa kwenye simu yake. Julai nzima alikusudia kupiga. Lakini unaanzaje? Kila Jumapili alijiambia Jumapili ijayo, na kila Jumapili Donatien alimpiga begani, akamwambia Doudou ameshika vizuri ile hesabu, anairudia kama rozari. Mwisho wa Agosti Doudou alipanda mashua. Tangu hapo simu yake haikuita tena.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema afanye nini aliyekwisha kujikwaa ulimi.

"Ni taa ya kazini," Felician alimwambia mkewe jioni ile.

"Ya kazini?"

"Ya kazini."

"Haya, isizoee," alisema Imelda.

Ikazoea. Ilikuja kila jua lilipozama, ikaondoka alfajiri. Jirani wa chini alipanda kuomba isielekezwe dirishani kwake baada ya saa nne, akaelezwa kwamba haielekezwi, akaenda kununua pazia zito. Msoma mita ya umeme alikuja, akakuta hesabu haijapanda, akaandika hivyo. Imelda akajifunza kupiga pasi kwa kungoja mwanga upite. Binti yao Koku, aliyekuwa kwa bibi yake Bukoba akisubiri karatasi za kuwafuata, aliuliza kwenye simu ni nini kile kinachopita nyuma ya baba, akaambiwa ni taa, akaendelea kusimulia mambo ya shule.

Habari ilifika kwenye kwaya, na Donatien akaja. Alisimama katikati ya sebule bila kuvua koti, midomo ikihesabu.

"Njo ile yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Felician.

Donatien akalia, mtu mzima mwenye sauti ile. Alipomaliza akajifuta uso kwa kiganja. "Donc ilifika huku. Bon. Doudou naye atafika. Nilimuambia asiiache."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila magharibi. Septemba alifika saa mbili usiku. Novemba, jua lilipoanza kuzama kabla ya saa kumi na moja, Felician alikuwa angali kwenye basi, na Imelda ndiye aliyemfungulia.

Doudou aligonga Jumatatu moja katikati ya Novemba. Maji yalikuwa yanashuka ngazi hadi ghorofa ya pili. Alikuwa amezama pamoja na wenzake wote, na tangu siku ile alikuwa anatembea, kwanza chini ya bahari, halafu Italia yote kwa urefu wake, halafu milima. Aliomba msamaha kwa kuchelewa. Alionekana pale mwanga ulipompitia tu, mara mbili kila sekunde kumi. Giza likirudi kulikuwa na kiti tu na sauti ya matone. Imelda akaweka beseni chini ya kiti. Donatien aliushika mkono wa mdogo wake kila ulipokuwepo.

"Ile siku taa haikuwaka," alisema Doudou. Aliongea kwa vipande, kufuata mwanga. "Tulikuwa batu soixante-deux, sitini na mbili. Nilibaambia banyamaze, tuhesabie. Tulihesabia kumi. Tukahesabia tena kumi. Tulihesabia mpaka mashua ikapiga mu majiwe. Nilianza kuiona nyuma ya kufa."

Felician alikuwa jikoni anapakua wali. Alisikia kila neno. Akapakua sahani nne, akaja nazo, akamkaribisha mgeni, akarudi kula amesimama kando ya sinki.

Aliona aibu, na aibu hiyo haikumtoka hata saa moja. Aliiona akipiga mswaki. Aliiona akibonyeza kitufe cha lifti, ambayo Donatien alikuwa amewatengenezea bure. Misa ya Krismasi, wakati wa matangazo, Donatien alisimama kushukuru. "Papa Felician njo aliniletea mudogo yangu," alisema, na kanisa zima likapiga makofi, na Felician akasimama akainamisha kichwa, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya akipigiwa makofi.

Januari ilipoingia alikuwa amekonda, suruali zinashikwa na mkanda tu. Imelda alimtazama siku moja akamwambia, "Baba Koku, mwambie huyo mtu. Unaisha." Hakuwa ameambiwa chochote. Lakini alikuwa anapiga pasi chumba kimoja na Doudou miezi miwili, na masikio anayo.

Jioni hiyo Felician akavuta kiti, akakaa mbele ya Donatien.

"Mimi ndiye niliyeizima," alisema. "Niliizima kabla hujaniuliza. Nikakwambia ipo."

Mwanga ukapita mara mbili.

"Ninajua," alisema Donatien.

"Tangu lini?"

"Doudou aliniambia siku ya kwanza. Kule chini batu yote banajua nani aliandika nini."

"Na ukaendelea kuja? Ukanishukuru kanisani?"

"Sasa nitaenda wapi?" Donatien hakupandisha sauti. "Mudogo yangu anaonekana mu hii nyumba tu. Ukinikasirikia, ukafunga mulango, mi nitamuona wapi? Nilikushukuru. Ningekuimbia na wimbo."

Felician alikuwa amengoja kutukanwa, labda na kofi, na angelipokea kofi lile kwa mikono miwili. Alipewa kikombe chake cha chai kilichokuwa kinapoa.

"Ninakuomba kintu moja," alisema Donatien. "Baiwashe. Haiko kwa Doudou, mambo ya Doudou bilisha kuisha. Kuko bengine ku njia."

"Kuko Hawa," alisema Doudou kutoka kwenye kiti. "Tulikula sahani moja kule Libya, alinifulia nguo. Atapanda mwezi ya tatu. Nilimuachia hesabu ya taa, mi mwenyewe. Iko anaihesabia sasa hivi."

Felician alisema atakwenda kesho, na kesho yake akaenda.

Kulikuwa na utaratibu wa kuwasha tena mnara uliozimwa. Ulikuwa na fomu, na fomu ilikuwa ile ile, safu tisa. Felician akajaza sita za kwanza, akamwita Chloé.

"Safu ya saba nikiandika arobaini na moja?"

"Zina namba?"

"Hazina. Lakini taa itawaka."

"Itawaka," alisema Chloé, na hakulisema kwa ubaya. "Halafu wakaguzi watauliza namba, na jina lililo chini ni lako." Akaweka karatasi nyingine mezani. "Mkataba wako wa mwaka huu. Nausaini leo mchana, pamoja na hii fomu. Umesema balozini wanautaka kwa ajili ya mtoto?"

"Wanautaka kufikia Ijumaa."

"Basi umalizie."

Felician alikaa na fomu ile saa nzima. Nje treni zilikuwa zinaingia na kutoka. Alimfikiria Koku, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameota bila baba yake kuyaona. Alimfikiria Hawa pia. Hakuwa na sura ya kumpa, kwa hiyo alimfikiria amekaa mahali, anahesabu. Halafu akaandika sifuri. Ilikuwa sahihi. Hakuna mkaguzi duniani ambaye angeipinga sifuri ile. Chloé akasaini karatasi mbili kwa kalamu moja.

Alipofika nyumbani taa ilikuwa imekwisha kuanza. Imelda alikuwa anakunja nguo. Donatien alisimama alipomwona.

"Ulisema nao?"

"Nimesema nao."

"Banasema nini?"

Mwanga ukapita mara mbili. Felician akawaona wote, Donatien amesimama, Doudou ameketi, wanamtazama. Giza likarudi, na gizani maneno hayakuwa mazito.

"Wanalishughulikia," alisema.

"Bon," alisema Donatien. "Merci, papa." Akakaa.

Mwanga ulipompitia tena Doudou alikuwa amegeuza uso kwa Imelda.

"Maman, samahani. Kiti ingine iko?"

"Kipo chumbani. Cha nini?"

"Ya Hawa."

Imelda akaiweka chini shuka aliyokuwa anaikunja. Alimtazama mumewe, mwanga ukapita, akamtazama tena. Kisha akaenda chumbani kukileta, na Felician akamsaidia kukibeba.