Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Kwenye klabu yetu ya raga hapa Cwmrhedyn kuna ukuta ambao hata mlevi haruhusiwi kuuegemea. Zimetundikwa hapo picha za wana wanne wa bonde hili waliowahi kuivalia Wales jezi nyekundu. Watatu wanatazama baa, jambo la busara. Wa nne alitazama ukuta kwa miaka tisa.

Huyo wa nne ni Gethin Pritchard, rafiki yangu tangu enzi za kuambukizana mafua darasa la kwanza. Na aliyemgeuza si adui. Ni baba yake mzazi. Alipanda kiti, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza, akashuka, akaagiza bia.

Hapa kwetu majina ni machache kuliko watu, kwa hiyo tunaitana kwa kazi. Kuna Idwal Mkate, Idwal Maziwa na Idwal Posta. Mimi ni Mos Makaa kwa sababu nasambaza makaa, na hata mke wangu huniandikia hivyo kwenye kadi ya kuzaliwa. Baba yake Gethin ni fundi bomba, lakini hakuna aliyewahi kumwita Idwal Bomba. Anaitwa Idwal Dakika ya Mwisho. Mwaka mmoja kabla sijazaliwa aliwafunga Waingereza trai pale Cardiff, yaani aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, dakika ya mwisho, kwenye tope la kufika magotini, huku Mwingereza mzima akining'inia mgongoni mwake. Ukiingia duka lolote bondeni ukaitaja trai ile, mwenye duka ataweka mikono kiunoni na kusema, "Nilikuwepo." Siku ile uwanja ulikuwa na watu elfu hamsini. Nimeshakutana nao wote, na wote wanakaa Cwmrhedyn.

Sasa fikiria kuzaliwa kwenye nyumba hiyo. Gethin alipofunga trai yake ya kwanza shuleni, mwalimu alimpigia makofi akasema, "Safi, ila baba yako angefunga karibu na nguzo za goli." Alipong'olewa jino, daktari alimsimulia trai ya baba yake yote huku koleo likiwa mdomoni. Hata alipoitwa timu ya taifa ya Wales, akacheza mechi mbili na kucheza vizuri, gazeti liliandika: Mtoto wa Idwal Acheza.

Raga, kwa wasiojua, ziko mbili, nazo ni kama ndugu waliogombania shamba. Yetu ni ya wachezaji kumi na watano, na zamani ilikuwa haimlipi mtu. Ile nyingine, ya kumi na watatu, ni ya kule kaskazini mwa England, na inalipa. Katika yetu ukiangushwa unauachia mpira, na watu kumi wanakuangukia. Katika yao ukiangushwa wanakuacha uinuke kiungwana. Unauweka mpira chini, unauviringisha nyuma kwa soli ya kiatu, na mwenzako anauokota. Mara ya tano wanaupiga mbali, maana baada ya sita mpira ni wa adui. Na enzi zile ukishaigusa ile ya Kumi na Tatu, hii ya Kumi na Tano inakufungia mlango, wa uwanja na wa klabu, mpaka kaburini.

Mwaka 1987 alikuja mtu kutoka mji wa Orrenshaw kumnunua Gethin. Watu wa namna hiyo walikuwa wakitupwa mtoni, kwa hiyo huyu alijifanya muuza mazulia, amebeba zulia moja la kujifichia. Alipomaliza kunong'ona na Gethin jikoni, Nesta, mama yake Gethin, alishalitandika zulia sebuleni na hakutaka kusikia habari ya kulirudisha. Wiki iliyofuata Gethin akaenda kaskazini. Mzee Idwal, ambaye siku ile alikuwa kwenye bomba la mtu, alipojua zulia limetoka wapi, aliapa kutolikanyaga. Kwa miaka tisa alikuwa akivuka sebule yake mwenyewe kwa kupita ukutani, ubavu ubavu, kama kaa.

Nilimuuliza siku ile ya picha, "Mzee, kwa nini usiitoe kabisa?"

"Nikiitoa watamsahau," akasema. "Mimi sitaki asahauliwe. Nataka aaibike."

Gethin kule Orrenshaw hakuaibika hata kidogo. Alivunjwa pua mara tatu, akaivalia Wales ya Kumi na Tatu pia, na hakuna aliyemjua baba yake. Mama mmoja wa kuuza pai alimuuliza, "Mpenzi, baba'ko anafanya kazi gani?" Akajibu, "Fundi bomba." Mama akasema, "Kazi nzuri hiyo, mwambie aje aone sinki langu." Gethin aliniambia alitoka dukani akiwa na pai moto mkononi na machozi ya furaha machoni.

Huku nyuma picha yake ilianza vituko. Kila mwaka ilikuwa inatoka ukutani kidogo, mara unene wa kidole, mara unene wa kidole gumba. Kamati ilikaa vikao vitatu kujadili unyevu. Ikamteua Mzee Idwal, kwa kuwa ni fundi na ndiye mwenye ufunguo, akauchunguze ukuta. Akaleta ripoti ya maneno mawili: "Ukuta unapumua." Tukaipitisha.

Halafu wakubwa wa raga wakaamka siku moja wakaamua kwamba kulipwa si dhambi tena, na milango ikafunguliwa. Mwaka 1996 Gethin akarudi nyumbani, miaka thelathini na miwili, goti moja likilia kama bawaba. Mzee Idwal aliisaini fomu yake ya usajili, maana ndiye mwenyekiti wa klabu, na mwenyekiti hana hiari. Ila kuzungumza naye hakuzungumza. Walikula meza moja, na Mzee akisema, "Nesta, mwambie mwanao apitishe chumvi," na chumvi ikipitishwa, "Nesta, mwambie ahsante."

Kuhusu picha alitoa tamko mbele ya kamati nzima. "Itageuzwa siku atakayocheza Kumi na Tano kama mtu ambaye hajawahi kuondoka."

Gethin alinijia uani kwangu nikiwa napakia magunia.

"Nimecheza mbele ya maelfu, Mos," akasema. "Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka fremu ile igeuke."

"Nenda usiku ukaigeuze."

"Wewe huelewi. Lazima aigeuze yeye."

Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya majirani zetu wa Pantyglo, watu ambao tunawachukia kwa upendo. Uwanja ulijaa, na mimi nilikuwa kikosini. Mzee Idwal alikaa mahali pake, juu jukwaani, na chupa yake ya chai.

Dakika ya nne Gethin alipokea mpira, akawapita wawili, akaangushwa katikati ya uwanja. Vizuri kabisa. Kisha, mbele ya watu wote, akainuka, akajipangusa, akauweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa soli ya kiatu, taratibu, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. Mgeni alikuwepo. Mchezaji wa Pantyglo alikuwa ameshazunguka nyuma yake, akauokota, akasema "ahsante, bwana mkubwa," akakimbia nao hadi chini ya nguzo.

Nikatazama juu. Mzee Idwal alikuwa ameweka kikombe chini. Mara ya mwisho alipofanya hivyo mbele yangu ilikuwa kwenye mazishi.

Baadaye tulikuwa tunasonga vizuri, tukiwasukuma hatua kwa hatua, nikamsikia Gethin pembeni yangu.

"Tatu," anasema. "Nne."

"Gethin, unahesabu nini?"

"Sihesabu."

"Umesema nne."

"Tano," akasema, akaupiga mpira wetu mzuri juu, mbali, ukavuka ukuta, ukatua kwenye makaburi ya kanisa. Mchungaji mstaafu aliyekuwa anamwagilia maua akaurudisha bila kusema neno, na hilo ndilo tusi kubwa alilonalo.

Wakati wa mapumziko Gethin alitafuna kipande cha chungwa kama anakula barua ya kufukuzwa kazi.

"Nimekwisha, Mos. Kichwa kinajua, mguu ndio haujui."

"Mguu umesoma miaka tisa shule nyingine. Uache tu."

"Niuache vipi? Mzee ameona?"

"Ameona. Sikiliza. Ukiangushwa, fanya hivyohivyo mguu unavyotaka. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Akanitazama kuanzia masikio, ambayo skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega, imeyafanya maandazi, hadi tumboni. "Wewe? Makaa ya mama ya Desemba unayaleta Februari."

"Basi usikimbie sana."

Niseme wazi, miaka kumi na saba nimecheza mstari wa mbele wa skramu, kazi ambayo mahitaji yake ni kuwa ukuta. Trai sikuwahi kufunga hata mazoezini. Lakini kipindi kile cha pili nilimfuata Gethin kama deni. Akienda kushoto, naenda kushoto. Mara moja aliviringisha na nilichelewa, lakini nilianguka juu ya mpira kwa bahati, na watu wakadhani ni ufundi.

Ikafika dakika ya mwisho, kumi na sita kwa kumi na mbili, wao mbele. Trai ni pointi tano. Gethin akapata mpira pembeni, akakata ndani, goti likilia mpaka mimi nalisikia, akamtupa mmoja, akamtupa wa pili, akaangushwa hatua moja tu kutoka kwenye mstari. Uwanja mzima, bonde zima, wakapiga kelele, "Usi!" Hawakuwahi kumaliza. Gethin aliinuka, akauweka chini na kuuviringisha.

Pantyglo walishajifunza. Wawili wakazunguka mbio kuudaka. Wakanikuta mimi, kilo mia na ishirini, niliyeanza kukimbia tangu dakika iliyopita na nisiyejua kusimama. Nilikwenda na mpira, na wale wawili, na kibendera cha kona.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kumi na saba kwa kumi na sita, sisi mbele, nilikuwa bado chini, natabasamu na tope mdomoni.

Klabuni Nesta alikuwa anakata sandwichi za nyama na vitunguu vya siki. Mzee Idwal akaingia, akavua kofia.

"Nesta," akasema, "mwambie mwanao ile haikuwa raga."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo, futi sita na inchi mbili."

Mzee akaizungusha kofia mikononi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu zulia, akamtazama mwanawe.

"Umeviringisha mpira kwa mguu."

"Ndiyo, baba."

"Mara mbili."

"Tatu. Moja hukuiona, ulikuwa umeziba uso."

"Niliona kupitia vidole." Akaikunja kofia. "Nilisema nitaigeuza siku utakayocheza kama mtu ambaye hajaondoka. Leo umecheza kama mtu aliyeondoka, akakaa huko, akajenga."

"Ndiyo, baba," akasema Gethin, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeambiwa kuhusu nguzo.

Nesta akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akapanda.

"Nesta, shuka," akasema Mzee. Si kwa hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona mkono wa mkewe ukielekea kwenye mfuko wa koti lake. "Nesta, ukuta una unyevu."

"Unapumua, umesema," Nesta akajibu, akaishika fremu na kuiinua.

Zikamwagika. Karatasi za magazeti, mamia, zilizokuwa zimebanwa kati ya kioo na ukuta, zikashuka juu ya kiti, juu ya sandwichi, juu ya viatu vyetu vya tope. Zote za Orrenshaw, zote za Gethin, zimekatwa kwa mkasi wa kukatia bati wa fundi bomba, kingo zenye meno meno. Nikaokota moja. Pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli: "Bega liko juu mno." Nyingine: "Amechelewa kutoa pasi." Nyingine: "Trai nzuri. Angefunga karibu na nguzo."

Gethin alikuwa ameokota moja na haitoi machoni. Imebanwa na pini pamoja na kipande cha tiketi. Nikachungulia begani kwake. Penseli ilikuwa imeandika neno moja tu: "Nilikuwepo."

Akaokota nyingine yenye tiketi. Na nyingine.

"Idwal Pritchard," Nesta akasema kutoka juu ya kiti, "wale jamaa zako wa Hereford, uliokuwa ukiaga kila mara kwamba unaenda kwao. Lile bomba lao."

"Lilikuwa linavuja sana," akasema Mzee.

"Miaka tisa?"

"Bomba la zamani."

Hakuna aliyecheka, na mnajua inavyoniuma kusema hivyo. Gethin akapiga hatua mbili, akasimama mbele ya baba yake, na wote wawili hawakujua mikono iwekwe wapi. Mwishowe Mzee akaichukua fremu kwa Nesta, akaifuta kioo kwa mkono wa koti, akaitundika yeye mwenyewe, uso nje. Ikaning'inia upande, kwa kuwa msumari ulishapinda kwa uzito wa habari zote zile.

"Imekaa upande," Gethin akasema.

"Pua yako ndiyo iko upande," baba yake akamjibu. "Kaa ule. Na unipitishie chumvi."

Nesta ameniambia kwamba jioni ile Mzee alivuka sebule kwa miguu yote miwili, katikati ya zulia, akasema ni jembamba, waliibiwa.

Mimi nilibaki hadi baa ilipotulia, nikamfuata Mzee alipokuwa anakusanya karatasi zake.

"Mzee, trai ya dakika ya mwisho leo nimefunga mimi. Sasa na mimi picha yangu itakaa wapi?"

Akanitazama masikio, yote mawili.

"Msumari nitakupa, Mos," akasema. "Lakini kwa uso huo, picha yako tutaanza nayo ikiwa imegeuzwa."