Gredi ya Philister

Saa nne asubuhi, kwenye stoo ya asidi kule Uthiru, Philister alichota sukari ya chai, nayo ikageuka makaa mkononi mwake kabla haijafika kikombeni. Akaikung'utia kwenye sinki, akanywa chai bila sukari.

Ilikuwa wiki ile Shiko alipofanywa supavaiza. Philister ndiye aliyemfundisha kazi: kwamba asidi ya salfa haina rangi wala harufu, humiminika nzito kama mafuta, na hunyonya maji hata ya hewani, hata yaliyo ndani ya sukari, ikabaki makaa. Lakini Mzee Mungai, mwenye stoo, alimwita Shiko "msichana wetu", na hakuna aliyeuliza wetu ni akina nani. Shukrani ya punda ni mateke, lakini Shiko hakupiga teke. Alikuwa na adabu, na hiyo ndiyo iliyomuudhi Philister zaidi.

Philister aliona wivu, wivu wa kukosa usingizi. Akipita ua wa jirani, nguo zilizoanikwa zinakauka papo hapo. Shiko akalipima jasho la Philister kwa haidromita, kile kipimo cha asidi cha mafundi wa betri.

"Auntie, uko gredi ya betri," akasema. "Karibu theluthi mbili ni maji tu. Usijali."

Kuambiwa asijali kulimchoma. Ijumaa alikuwa gredi ya mbolea, iliyo kali zaidi. Shiko alipoletewa kiti cha kuzunguka, Philister akafika asilimia tisini na nane, ile ya viwandani. Mlinzi alimwambia pole, kwa roho safi, naye Philister akachemka, akamrukia na kumtoboa shati. Wote walimlaumu mlinzi. Kanuni ya stoo inajulikana: asidi ndiyo hutiwa kwenye maji; maji, hata ya pole, hayamwagwi kwenye asidi.

Jumatatu alianza kufuka moshi mweupe. Mzee Mungai akaja kutoka kwake Karen, mtaa wa matajiri, kumwona.

"Hongera, Philister. Umepanda gredi."

"Ya mshahara, Mzee?"

"Ya asidi. Hii ndiyo ya juu kabisa, hakuna ingine. Utakaa huko nyuma na madramu ya asidi, pakavu."

"Na ile kazi ya supavaiza?"

"Hiyo iko na mwenyewe."

Philister akaenda akasimama kati ya madramu. Shiko akavaa glavu, akaleta lebo, akambandika begani polepole.

"Umeiweka juu chini," Philister akamwambia. "Ibandue, uanze tena."