Kompyuta Iliyokoroma

Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa sababu fundi redio huyu hakukosa kipande cha waya mfukoni hata siku ya arusi yake. Sebuleni alikuwa na kompyuta kuukuu, iliyoachwa na mteja aliyekata tamaa nayo. Waya akaifufua kwa viungo vya marehemu wengine. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, lakini aliipenda kama kitinda mimba.

Mapenzi hayo yalikuwa na sababu. Kulikuwa na wanasayansi wa mbali waliokuwa wakitafuta dawa ya malaria, wakazidiwa na hesabu. Basi wakazikata vipande na kuwagawia watu wa kawaida kupitia mtandao: kompyuta yako ikikaa bure, inawapigia hesabu yao, ikimaliza, inawarudishia jibu. Malipo ni asante. Mkewe Waya, fundi cherehani, alisema hajapata kumwona mtu asiyepiga pasi shati lake mwenyewe akihangaikia hesabu za watu asiowajua.

Shida ni kwamba kila kipande kilikuwa na siku yake ya mwisho. Ukichelewa, anapewa mwingine, na jasho lako linakwenda na maji. Wenye kompyuta za maana walimaliza mapema; ya Waya ilijikokota wiki nzima na ushei. Vipande viwili vilikwisha kumwozea mkononi. Cha tatu kilikuwa kimefika asilimia themanini na saba, mwisho Ijumaa jioni, na Waya aliapa hicho hakimtoki. Hata kimoja tu, naye aseme ametia mkono.

Ndipo mama mkwe akaja kukaa nao.

Alikuja na begi moja na adabu za kujaza lori. Akalazwa sebuleni, maana chumba cha pili kilikuwa milki ya vitambaa. Waya, mkwe mwenye haya zake, aliona aibu mama wa watu alale na ngurumo, kwa hiyo kila usiku akaizima kompyuta. Si neno, mchana ungetosha. Lakini siku ya kwanza, ili mgeni asichoshwe na upweke, alimfundisha mchezo wa karata humo humo kwenye kompyuta. Hapo akawa amejipalia makaa.

Mama mkwe akacheza. Akimaliza chai, karata. Akiamka usingizi wa mchana, karata. Na programu ya wanasayansi ilikuwa na ustaarabu wake: mwenye nyumba akigusa kipanya, inanyamaza na kungoja. Siku zikapita, asilimia ikasogea moja tu, tena kwa kuburuzwa.

Sasa mkwe anamwambiaje mama mkwe ondoka hapo? Alijaribu za pembeni. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha maua. Mama akakisifu, akakikunja vizuri, akaketi kucheza. Alidokeza kwamba jua la nje ni zuri. Mama akamshukuru kwa taarifa. Alimtuma mkewe, naye akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba hesabu si zake, na mama yake hajawahi kumng'ata mtu mzima.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, mke alichoka kumwona mumewe akitafuna kama anakula misumari.

"Mama, mkweo ana neno limemkwama kooni. Mpige mgongoni litoke."

Waya akaitazama sahani. Akaanzia kwa mbu, akapita kwa wanasayansi, akazungukia kwenye feni, jasho likimtiririka kama anaposa upya. Mwisho akasema, samahani mama, karata zikichezwa hesabu zinalala.

Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo nikiziacha ndiyo itafanya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali, baba. Macho yananiwasha. Karata zenyewe wala sizipendi, ila ulinifundisha kwa moyo, nikaona nikiacha utasema mama mkwe kadharau."

Mke alicheka mpaka akashika meza. Waya naye akataka kucheka, akakumbuka usiku. Akaeleza kwamba huenda wasiwahi, maana ikifika saa ya kulala lazima aizime, kwa heshima yake mama, ile kelele.

"Heshima gani ya kuninyima usingizi?" mama mkwe akauliza. "Baba mkweo, Mungu amrehemu, alikoroma tangu arusi mpaka mwisho. Nyumba ikinyamaza mimi nakesha. Iache ingurume, mwanangu."

Asubuhi Waya alinyata sebuleni. Akamkuta mama mkwe hoi, mdomo wazi, akikoroma sambamba na feni, huwezi kujua nani anamfuatisha nani. Kwenye kioo: tisini na saba.

Siku hiyo mama mkwe alilinda kompyuta kama askari wa benki. Binti yake aliyesogea na kitambaa cha vumbi alifukuzwa. Waya mwenyewe aliambiwa atazame kwa mbali. Alasiri ikatimia mia, jibu likaondoka, na neno likarudi: imepokelewa.

Mama mkwe akauliza kama dawa sasa imepatikana. Waya akamwambia ukweli: hapana, hiki ni chembe tu, na pengine kimewaonyesha tu kwamba njia hii ya kutafuta dawa haifiki.

"Basi angalau huko hawatapotea tena," mama mkwe akasema. Kisha akauliza kama wana kipande kingine, akamwagiza binti yake asimtafutie kwanza usafiri wa kurudi kwake Jumapili, maana kazi haiachwi katikati.

Waya akaketi mbele ya kompyuta kuomba kipande kipya. Kwa mara ya kwanza, akaomba kirefu.